Aliizunguka Dunia kwa Baiskeli, Kwetu Akaja kwa Miguu

Mwenye kuingia Olkaria kutoka upande wa Ziwa Naivasha huuona mvuke kabla hajaona kitu kingine. Hupanda mweupe nyuma ya vilima, mfano wa moshi wa meli iliyotia nanga mahali pasipo bahari. Karibu na hapo pana lango la mbuga ya Hell's Gate, yaani Mlango wa Jahanamu, iliyofunguliwa mwaka 1984, na mbuga hiyo ina desturi moja ambayo sisi tuliozoea habari za Tsavo hatuitarajii. Mgeni huruhusiwa kuingia kwa baiskeli, akapita kati ya punda milia na twiga bila kioo cha gari mbele yake. Baiskeli zenyewe hukodishwa pale pale nje.

Mimi sikuhitaji kukodi. Nilifika na yangu, nimeikanyaga tangu Mombasa, na siku hiyo ilikuwa ya tisa. Mpwa wangu hufanya kazi katika mitambo ya umeme wa mvuke, ile ambayo wa kwanza wake ulianza kutoa umeme mwaka 1981, na jioni ile wenzake walimiminika nyumbani kwake kuitazama baiskeli na kumtazama mwenyewe. Wakaniuliza ni nani aliyenisaidia njiani. Nikajibu, nami nimejaa fahari, kwamba nilikuja peke yangu na kila nilichokihitaji nimekibeba nyuma kwenye keria. Jibu hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu halikuwa kweli.

Baada ya sala ya Isha wakataka kujua kama duniani amepata kutokea mwingine mwenye wazimu kama wangu. Nikawaambia ametokea, tena alinitangulia kwa zaidi ya miaka 130, na kwa wazimu uliozidi wangu mara nyingi. Jina lake Thomas Stevens. Ulaya na Marekani wapenda baiskeli wote wanamjua kuwa ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa chombo hicho. Wasichokijua wengi wa kwetu ni kwamba bwana huyu alipita Unguja na Mombasa pia.

Stevens alizaliwa Berkhamsted, Uingereza, tarehe 24 Desemba 1854. Wazazi wake hawakuwa watu wa mali. Alipofika miaka kumi na saba hivi alivuka bahari kwenda Marekani kutafuta riziki, akafanya kazi za reli kule Wyoming na baadaye kazi za migodi Colorado. Huko ndiko fikra ya kuivuka nchi yote ile kwa baiskeli ilikomjia. La ajabu ni kwamba hakujua hata kuipanda. Alikwenda San Francisco, akanunua baiskeli, akajifunza, na mwaka huo huo wa 1884 akafunga safari.

Nataka msomaji aifikirie baiskeli yenyewe. Haikuwa hii yetu yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo katikati. Gurudumu la mbele lilikuwa na kimo cha inchi 50, likimfikia mtu mzima kifuani, na la nyuma lilikuwa dogo kama la kigari cha mtoto. Makanyagio yalifungwa kwenye kitovu cha lile kubwa. Mpandaji alikaa huko juu kama mtu aliyepanda ngamia, na kokoto moja ikilizuia gurudumu, yeye hutangulia kichwa. Kwa hiyo mlima ulikuwa taabu tu, lakini mteremko ulikuwa mauti. Mimi niliyeshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu kwa baiskeli ya kisasa, breki zote mbili zikinuka mpira ulioungua, malori yakinipumulia shingoni, naapa nisingeishuka njia ile juu ya chombo cha Stevens hata kwa kulipwa.

Jambo moja tu alinizidi kwa nafuu. Tairi za upepo za Dunlop zilikuja mwaka 1888, miaka minne baada yake kuanza. Za kwake zilikuwa mpira mtupu, gumu kama kisigino cha kiatu. Pancha hakuijua. Mimi kati ya Mombasa na Naivasha nilipata saba.

Aliondoka San Francisco tarehe 22 Aprili 1884 akaingia Boston tarehe 4 Agosti, siku 103 na nusu, mwendo wa maili 3,700 hivi. Barabara za kusifika hazikuwapo. Alifuata mapito ya magari ya farasi na mataruma ya reli, na karibu thuluthi ya safari hakuipanda baiskeli bali aliisukuma au kuibeba. Siku moja milimani gari moshi lilimkuta katikati ya daraja. Hapakuwa na pa kukimbilia. Akajibanza ukingoni mwa boriti, ameishika baiskeli ikining'inia juu ya bonde, mpaka behewa la mwisho likapita.

Sasa tazama mzigo wake. Alikuwa na soksi, shati moja la akiba, koti la mvua lililokuwa pia hema lake na tandiko lake, na bastola. Basi. Vyote vilifungwa kwenye usukani. Mimi niliondoka nyumbani na sufuria mbili, stovu ya mafuta ya taa, kanzu mbili, viatu vya kubadilisha, birika, kamba ya kuanikia nguo na mto wa kulalia. Mama watoto alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ubavu. Mto na sufuria niliviacha Mariakani kwa muuza chai. Stovu ilibaki Voi kwa mwenyeji wangu. Nilipofika Mtito Andei kanzu ya pili ilikuwa imekwisha kuwa ya mtu mwingine, na baiskeli ikaanza kwenda kama baiskeli. Nikajiambia kwamba Stevens alikuwa mwalimu wangu, na kwamba siri ya safari ndefu ni wepesi.

Hivyo ndivyo nilivyoamini tangu niliposoma nakala ya kitabu chake mara ya kwanza. Nilipokisoma mara ya pili nikaona jingine. Mtu asiyebeba chakula hula chakula cha nani? Na asiyebeba godoro hulala kwa nani?

Majibu yamo katika safari yake ya pili. Majira ya baridi ya 1884 aliyapitisha New York akiandika habari zake, na jarida liitwalo Outing likamwajiri kuwa mwandishi wake wa safarini. Akavuka bahari, na tarehe 4 Mei 1885 akaondoka Liverpool. Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Austria, Hungaria, nchi hizi sitakaa nazo, kwani barabara zao zilikuwa njema na nyumba za wageni zilikuwapo kila mji. Hapo ukiwa na fedha humhitaji mtu. Kisha akapita Serbia na Bulgaria, akafika Istanbul, zama za Sultani Abdulhamid, akapumzika. Agosti akavuka kuingia Anatolia.

Huko ndiko kisa kinakokolea. Vijiji havijapata kuona gurudumu la namna ile. Kila alipoingia, mji mzima ulimzunguka, wakubwa kwa wadogo, wakimtaka apande waone. Akishapanda mara moja, aliyechelewa kuja naye alidai haki yake ya kuona. Mapasha walimwita awaonyeshe. Stevens alichoka, akakasirika, na mara nyingi alisingizia uchovu. Lakini usiku ulipoingia watu wale wale walimtandikia. Alilala katika misafara-khana, katika vyumba vya wageni vya vijiji, katika mahema ya manyoya ya mbuzi ya mashekhe wa Kikurdi. Alikula mkate wao, mtindi wao na pilau yao, na wengi hawakutaka malipo. Kwa Mwislamu hilo halina muujiza. Mgeni amefika, atakula. Lakini hesabu ya mzigo ifanywe vizuri. Uzito ambao Stevens hakuubeba kwenye usukani ulibebwa na mama fulani aliyekanda unga alfajiri karibu na Sivas au Erzurum, na jina lake hakuna anayelijua.

Kinachoniuma ni kwamba Stevens mwenyewe hakuiona hesabu hiyo, au aliiona kwa jicho moja. Ukurasa huu anasimulia alivyokaribishwa. Ukurasa ufuatao anawadhihaki waliomkaribisha, mavazi yao, udadisi wao, namna wanavyokula. Alikuwa kijana wa zama zake, zama ambazo Mzungu akipita nchi za watu hujiona ndiye anayetazama na wao ndio wanaotazamwa. Kumbe pale ilikuwa kinyume! Sikusudii kumvunjia heshima. Ushujaa alikuwa nao, na mwandishi mzuri alikuwa. Ila nyumbani nilifundishwa kwamba chumvi ya mtu ukishaila huisemi.

Mwishoni mwa Septemba 1885 akafika Tehran, na majira yote ya baridi akakaa huko. Nasir-ud-Din Shah alitaka kumwona akipanda, akamwona. Machi 1886 akaondoka tena, akapita Mashhad. Alitaka kupita Siberia, akanyimwa ruhusa. Akajaribu kupenya Afghanistan bila kibali, naye alikuwa ameonywa. Walimkamata karibu na Farah, wakampeleka Herat, kisha wakamrudisha mpaka wa Uajemi. Hawakumdhuru. Walimlisha na kumlinda njia nzima, mfungwa aliyetunzwa kama mgeni. Kwa hiyo akazunguka kwa reli na meli kupitia Baku, Batumi, Istanbul na mfereji wa Suez hadi Karachi. Wakosoaji husema kipande hiki kinaivunja sifa yake ya kuizunguka dunia. Mimi sioni hivyo. Aliyefungiwa mlango hana budi kuzunguka nyuma ya nyumba.

Kutoka Lahore hadi Calcutta aliikanyaga ile barabara kuu ya Bara Hindi, akaisifu sana, ingawa joto karibu limmalize. China kulikuwa kugumu. Vita vya China na Ufaransa vilikuwa vimemalizika juzi tu, mwaka 1885, na kila mweupe alidhaniwa Mfaransa. Mji mmoja watu walimwinukia kwa mawe, na ni watumishi wa serikali ya pale pale waliomwokoa. Kisha Japani, nchi iliyompendeza kuliko zote, na tarehe 17 Desemba 1886 akaingia Yokohama. Alikuwa amepanda na kusukuma maili 13,500 hivi, ukiacha bahari. Kitabu chake kilitoka katika juzuu mbili, 1887 na 1888.

Hapa wasikilizaji wangu wa Olkaria walidhani kisa kimekwisha. Nikawaambia wangoje, sasa anakuja kwetu.

Mwaka 1887 Stanley alikuwa ameingia bara kwa njia ya mto Kongo kwenda kumtoa Emin Pasha, na habari zake zikakatika. Magazeti yakamzika, yakamfufua, yakamzika tena. Mwaka 1889 gazeti la New York World likamtuma Stevens aje Afrika Mashariki kumtafuta. Akafika Unguja, zama za Sayyid Khalifa bin Said. Mrima ilikuwa katika moto, watu wa Abushiri bin Salim wakipigana na Wajerumani, na manowari zilikuwa zimezingira pwani. Stevens akapitia Mombasa, akaingia bara hadi sehemu za Kilimanjaro na mipaka ya nchi ya Wamasai, akitafuta fununu za Stanley.

Mara hii hakuja na gurudumu. Alikuja kama walivyokuja wote, na msafara wa wapagazi. Yule aliyevuka Anatolia na shati moja, huku kwetu alihitaji mahema, masanduku, nguo za kubadilishia na shanga, na kila frasila mbili zilikuwa juu ya kichwa au bega la mtu wa Pwani. Wapagazi wale ndio waliojua maji yako wapi, hongo inalipwa kwa nani, na wapi pa kulala. Mwishoni mwa mwaka alimwahi Stanley akitoka bara, akawa miongoni mwa waandishi wa kwanza kuonana naye. Msafara wa Stanley uliingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huo wa karamu Emin Pasha, baada ya kunusurika miaka yote ile ya bara, alianguka kutoka ghorofani akapasuka kichwa, ingawa hakufa. Kitabu cha Stevens juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1890.

Njia yake ilikuwa ya Kilimanjaro, si ya Naivasha. Lakini wageni wa Naivasha nao walikuja vivyo hivyo. Ndani ya mbuga ya Hell's Gate pana nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake, na jina lake ni Mnara wa Fischer, kwa heshima ya Mjerumani Gustav Fischer aliyefika mwaka 1883 na msafara uliotoka Pangani. Wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wakiijua njia ya Naivasha kabla yake. Waliomleta walimleta kwa njia waliyokwisha kuizoea. Mwamba ukapewa jina la aliyeletwa.

Nilipofika hapo katika kusimulia, mpwa wangu, ambaye alikuwa akiipangusa baiskeli yangu vumbi, akauliza kwa upole mjomba wake alikipata wapi kile kiraka kirefu cheusi kwenye mpira wa nyuma, maana hakifanani na vya dukani. Nikanyamaza.

Ukweli ni huu. Siku iliyotangulia, nikiwa nimeupita mji wa Mai Mahiu na mlima Longonot uko mbele yangu, mwiba wa mgunga ulichana mpira wa nyuma. Ilikuwa pancha ya saba, na viraka vyangu vilikwisha kwenye ya sita. Solusheni ninayo, kiraka sina, na jua linazama. Mvulana wa Kimasai aliyekuwa akirudisha mbuzi alinitazama kidogo, akashika usukani upande mmoja, tukaisukuma pamoja hadi bomani kwao. Mama yake alikuwa anajua Kiswahili cha maneno machache. Hakuniuliza natoka wapi. Alinipa maji ya kutawadha, akaondoa ndama kunipisha mahali pasafi nisali Magharibi, akaleta chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Halafu akafungua mlango wa zizi, akachomoa mpira wa zamani uliofungia nguzo, akanipa nikate kipande. Zizi usiku ule lilifungwa kwa kamba ya katani. Asubuhi nilimpa fedha, akazirudisha mkononi mwangu akazifunika na vidole vyangu mwenyewe.

Nikaenda zangu. Jioni yake nilikuwa Olkaria nikiwaambia vijana kwamba nilikuja peke yangu.

Wahenga wetu wanasema msafiri masikini, ajapokuwa sultani. Nilikuwa nimeitumia methali hiyo juu ya Stevens kwa ufasaha mkubwa dakika chache kabla. Mpwa wangu hakusema neno, akaendelea kupangusa.

Nilimalizia kisa kwa haraka. Stevens alirudi kwenye safari, mwaka 1890 akaivuka Urusi juu ya farasi na kuandika kitabu kingine. Baadaye akatulia London, akaoa, akawa meneja wa ukumbi wa michezo uitwao Garrick. Alifariki dunia mjini humo tarehe 24 Januari 1935, akiwa na miaka 80. Baiskeli yake ilikuwa imehifadhiwa na kampuni iliyoitengeneza, mpaka Vita Vikuu vya Pili vilipokuja na chuma kikatakiwa. Ikayeyushwa pamoja na vyuma vikuukuu vingine. Haipo.

Siku tatu baadaye niliiacha baiskeli kwa mpwa wangu, nikapanda matatu ya kurudi upande wa Longonot, nikashuka na kilo mbili za sukari, majani ya chai na mpira mpya wa ndani. Nilimkuta mvulana. Mama yake alikuwa amekwenda kuteka maji, na mbuzi hawangoji, kwa hiyo hatukukaa. Aliushika ule mpira mpya, akauvuta kuujaribu, akaenda moja kwa moja kuufunga kwenye nguzo ya zizi. Nilimwuliza jina la mama yake. Akalitamka mara mbili ili nilipate, nami nikaliandika kwenye daftari langu la safari, chini ya tarehe ya siku ile. Hapa gazetini silitii, kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Kisha nikarudi barabarani kungoja matatu.